Karatasi Mlangoni mwa Friji

Uliiandika kwa wino mzito,
ukaibana kwa sumaku yenye umbo la samaki:
"Ilgvars, vikopo vyangu vya dirishani
ni kumi na kimoja, vihesabu.
Usivimwagilie. Usivionee huruma.
Mkono ukikuwasha, nenda kwa mti wako."
Kisha ukapanda gari la wagonjwa, mkoba kwapani,
kama mtu anayekwenda sokoni Valmiera.

Mti wangu naujua, Velta.
Mbetula ni mlevi wa maji tangu uchanga.
Mwaka nilioupanda, mwembamba kama ufito,
nilibeba ndoo mbili asubuhi, mbili jioni,
nikaufunika miguu kwa majani makavu,
maana mizizi yake ni ya juu juu,
haitaki udongo wenye homa.
Baridi haiutishi. Husimama uchi thelujini,
gome jeupe likibambuka
kama rangi ya ukuta wa shule.
Kisu nauepushia majira ya kuchipua:
ukiukata Aprili utalia wiki nzima,
chururu, chururu, mpaka uone haya.
Machi natoboa tundu moja, si mawili,
nakinga mtungi, nakunywa utomvu wenye utamu wa mbali,
naziba kwa kigingi, nasema asante.
Malezi niliyoyajua ndiyo hayo.

Na vyako? Vile vinono,
watoto wa jangwa wasiolijua jangwa,
majani kama vidole vya kichanga aliyeshiba.
Nyumba ilikuwa kimya.
Simu ya hospitali ilisema, "Bado."
Nikashika birika.

Cha kwanza nilikipa tone tu.
Kesho yake nikasema, hata mgeni hupewa maji.
Siku ya nne wakasema "bado" tena,
nikavinywesha vyote.
Mapenzi yangu hayana kipimo kingine,
ni ndoo.

Wiki ya tatu majani yakawa kioo chenye ukungu.
Nikakigusa kile cha zambarau, kikaachia shina,
teketeke, kikinuka kisima cha zamani.
Vitano vilikwenda hivyo.
Havikufa kwa kiu.
Nilivizamisha kwa wema.

Nikamwita jirani, Skaidrite. Akacheka hadi akashika ukuta.
"Mchanga ukauke kwanza, mzee, ukauke hasa!
Chomeka kijiti. Kikitoka kisafi, ngoja wiki nyingine.
Vipe jua. Zibua tundu la chini.
Baridi ya usiku ifungie nje.
Na hiyo mikono, itie mfukoni."
Mfukoni! Miaka arobaini fundi wa matrekta,
sijawahi kutengeneza kitu kwa kukiacha.

Ukarudi umepungua, kitambaa kichwani.
Nilikuwa nimenunua vitano vipya,
nimevipanga kwa rangi kama askari wa gwaride.
Hukuvua hata koti. Ukahesabu kwa kidole.
"Hiki si changu. Wala hiki. Wala hiki."
Nami nikitazama viatu vyangu.
Kisha ukaingiza mkono nyuma ya pazia,
ukatoa jani moja lililodondoka siku gani sijui,
limekunjamana kama sikio la ajuza;
na kwenye kikonyo chake, nyuzi za mizizi, za waridi,
nyembamba kuliko kope,
na chipukizi dogo mfano wa punje ya chumvi.
"Na hili? Ulilipa nini?"
"Sikuliona."
"Ndiyo maana," ukasema, ukaketi,
ukacheka kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Sasa ni usiku. Nje mbetula umenyweshwa,
ndoo zimepinduliwa barazani.
Nimesimama mlangoni mwa chumba, chai mkononi,
na sijui usiku huu wewe ni upande upi,
nikubishie hodi au nikuache.
Nahesabu pumzi zako. Mkono unawasha.
Chai inapoa.

Unakohoa.
Naingia.